Shajara ya mradi: hesabu za pango za Shangazi kabla ya ukaguzi wa URA, Busia

11 Agosti 2025

Barua ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilimfikia Shangazi Ijumaa. Inasema taarifa walizonazo zinaonyesha ana nyumba za kupangisha, lakini ritani zake za mwaka wa kodi wa 2022/23 na 2023/24 zimejazwa sifuri. Wanataka mikataba ya wapangaji, orodha ya vyumba na bei zake, na taarifa za fedha za benki na za simu.

Shangazi hakujua kama kuna ritani iliyojazwa sifuri. Kuna kijana alimlipa "amsaidie mambo ya kompyuta", akampa namba yake ya mlipa kodi (TIN) na nywila, na kila mwaka aliambiwa mambo yako sawa. Sasa simu ya kijana huyo haipatikani. Mtaani wengi wamefanyiwa hivi, na hasa akina mama wajane wenye ploti moja ya kuwalisha uzeeni. Ndiyo sababu kazi hii nitaiandika hatua kwa hatua, ili mwenye nyumba mwingine akiletewa barua kama hii aone inafanyiwa nini.

Ploti yenyewe iko upande wa Sofia. Ina milango 15 ya muzigo, yaani vyumba vya kupangisha kimoja kimoja, mistari miwili inayotazamana na ua katikati, na maduka matatu yanayotazama barabara. Mlango wa 15 anakaa mtunza ploti bila kulipa, ndiyo malipo yake ya kufagia ua na kulinda geti usiku.

Tumekubaliana hivi: mimi nashika hesabu, mwanawe wa kwanza anatafuta karatasi, Shangazi mwenyewe anakumbuka. Kumbukumbu yake ni kali kuliko daftari lolote, ila URA hawakagui kumbukumbu.

14 Agosti

Kabla ya kufungua boksi la karatasi, ilinibidi niweke wazi sheria inasema nini sasa, maana watu wengi hapa bado wanazungumza sheria ya zamani.

Tangu 1 Julai 2022, mtu binafsi anayepata pango anatozwa asilimia 12 ya pato ghafi linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Ghafi maana yake ghafi. Mabati mapya, rangi, fundi wa choo, riba ya mkopo, mshahara wa mlinzi, hakuna hata kimoja kinachotolewa. Mwaka wa kodi unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na ritani inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya hapo, yaani kabla ya Desemba kuisha.

Mwanawe alikuwa ameshakusanya risiti za saruji na misumari mfuko mzima, amezipanga kwa tarehe vizuri kabisa. Nilimwambia azihifadhi, zitasaidia siku ya kuuza au ya kugawana, lakini kwa kodi hii hazipunguzi hata shilingi. Aliumia. Hata mimi naona sheria hii ni nzito kwa mtu aliyejenga kwa mkopo, kwa sababu anatozwa sawa na aliyerithi bure. Lakini ndiyo iliyopo.

Basi kama matumizi hayahesabiki, mkakati umebaki wapi? Umebaki upande wa mapato. Mkaguzi akifika atahesabu milango, aulize bei, azidishe mara 12. Kwa ploti hii mwaka 2024/25 hesabu yake itakuwa hivi: milango 15 kwa shilingi 80,000 kwa miezi 12 ni 14,400,000. Maduka matatu kwa shilingi 6,000 za Kenya kila moja kwa mwezi ni 216,000 za Kenya, ambazo kwa kiwango cha 28 ni 6,048,000 za Uganda. Jumla 20,448,000. Toa 2,820,000, zidisha kwa asilimia 12, kodi ni 2,115,360.

Je, Shangazi alipokea 20,448,000? Hapana. Kuna vyumba vilikaa vitupu, kuna waliohama usiku, kuna mtunza ploti. Kazi yetu yote ni kuthibitisha pango ambalo *halikuja*. Na kitu ambacho hakikutokea ndicho kigumu kukiwekea risiti.

23 Agosti

Boksi limefunguliwa. Lilikuwa na vitabu vya risiti vya dukani vyenye karatasi ya kaboni, madaftari ya shule ya kurasa 96, na mikataba ya maduka yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Nilianza na vitabu vya risiti kwa sababu vina namba za mfululizo. Mkaguzi huangalia mfululizo kwanza: risiti ya 114 na 116 zipo, ya 115 imekwenda wapi? Tulikuta mapengo machache. Kwa kila pengo tumeandika maelezo kwenye karatasi tofauti: hii iliharibika, hii aliyelipa alikataa kuchukua, hii hatujui. Tumeandika "hatujui" mahali ambapo hatujui.

Madaftari ndiyo hazina. Shangazi aliandika kila mwisho wa mwezi kwa penseli, mlango kwa mlango. Nanukuu ukurasa wa Novemba 2024 kama ulivyo:

"Mlango 3 kalipa 80 na maji 5. Mlango 4 tupu tangu Mkenya ahame. Mlango 6 kalipa 40, kasema nyingine tarehe 10. Mlango 9 kaondoka na funguo, kaacha jiko. Mlango 11 tupu, paa linavuja."

Hiyo "tupu" ya mlango wa 4 na wa 11 ndiyo ninayoitafuta. Imeandikwa mwezi uleule, kwa mkono uleule, katikati ya mistari mingine iliyolipwa. Ushahidi wa namna hii una nguvu kuliko barua yoyote tutakayoandika leo.

Jambo moja la kisheria: madaftari ni ya Kiswahili. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inampa Kamishna nafasi ya kudai tafsiri ya Kiingereza, kwa gharama ya mlipa kodi. Hatukusubiri kudaiwa. Nimetengeneza jedwali la Kiingereza lenye namba ya ukurasa wa daftari kando ya kila mstari, ili mtu aweze kutoka kwenye jedwali akafika kwenye penseli ya Shangazi bila kupotea. Madaftari yenyewe hatugusi. Hakuna kunakili upya, hakuna kupitishia wino juu ya penseli. Mwanawe alitaka kuyaandika upya "yapendeze". Daftari safi la miaka mitatu lenye wino wa rangi moja linamfanya mkaguzi aamini kinyume cha unachotaka.

Sheria hiyohiyo inataka rekodi zikae miaka mitano baada ya kipindi cha kodi kuisha. Madaftari mawili ya 2022 yalikuwa jikoni, juu ya gunia la mkaa.

6 Septemba

Taarifa ya simu ya miezi 12 imepatikana, kurasa nyingi. Hapa ndipo wenye nyumba wengi wanapopigwa.

Laini ya Shangazi ni moja tu. Inaingia pango. Inaingia hela ya maji, 5,000 kwa kila chumba, kwa sababu mita ya National Water, shirika la maji, ni moja kwa ploti nzima na ankara inakuja kwa jina lake. Inaingia pesa ya matumizi kutoka kwa binti yake aliyeko Jinja. Inaingia zamu yake ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mkaguzi akijumlisha kila kilichoingia na kukiita pango, Shangazi ataonekana tajiri.

Nilichapisha taarifa nzima nikapaka kila mstari rangi: kijani pango, bluu maji, njano familia, waridi kikundi. Kazi ya macho, lakini haina njia ya mkato. Mtu anatuma 85,000 na ujumbe unasema tu jina lake. Hapo lazima urudi kwenye daftari uone kama 80 ni pango na 5 ni maji.

Matokeo ya mwaka 2024/25: vyumba vililipiwa miezi 130 kwa jumla, chumba kwa chumba, kati ya 168 inayowezekana kwa milango 14. Maji yaliyokusanywa ni 650,000, na ankara za National Water tunazo zote, zinalingana. Maji hayo yangeitwa pango, yangeongeza kodi ya 78,000 bure.

Kuanzia mwezi huu Shangazi ana laini ya pili, ya pango peke yake. Amenunua simu ya vitufe, amebandika plasta yenye namba mgongoni, na wapangaji wote wamepewa namba hiyo.

9 Septemba

Maduka. Wapangaji wawili kati ya watatu ni wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka na wanalipa kwa M-Pesa, shilingi za Kenya. Shangazi huzibadilisha kwa vijana wa mpakani. Kwa kodi, kiwango cha kijana wa mpakani hakitumiki. Sheria ya Kodi ya Mapato inataka kiwango cha kati cha Benki Kuu ya Uganda cha tarehe husika. Nimeandika kiwango kando ya kila malipo, nikabaki na 6,048,000 kwa mwaka, pungufu na ziada za miezi zikifidiana.

Dokezo kwa wenye maduka: kilemba, yaani malipo ya kupewa duka, nacho ni pango. Tafsiri ya sheria inaingiza malipo yoyote ya kupata haki ya kutumia jengo. Shangazi hajawahi kuchukua kilemba, lakini najua majirani wanaochukua na kudhani ni zawadi. Dhamana ya mwezi mmoja inayorudishwa ni jambo tofauti. Inageuka pango siku unapoizuia kwa sababu mpangaji ameondoka na deni.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haituhusu. Nyumba za kuishi zimesamehewa, na maduka, ambayo kwa kawaida hutozwa asilimia 18, hayafiki hata karibu na kiwango cha kujiandikisha cha milioni 150 kwa mwaka.

21 Septemba

Vyumba vitupu. Miezi 168 toa 130 iliyolipwa inabaki 38. Kati ya hiyo, 31 vyumba vilikuwa vitupu na 7 watu walikaa wakaondoka bila kulipa. Kwa bei ya 80,000 hiyo 38 ni 3,040,000.

Daftari linasema tupu, sawa. Lakini mkaguzi atasema daftari ni lako. Nilitaka shahidi wa nje, asiyemjua Shangazi. Shahidi huyo ni Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Mlango wa 1 hadi wa 8 kila mmoja una mita yake. Chumba kikiwa na mtu, tokeni zinanunuliwa, hata za elfu mbili mbili. Chumba kikiwa kitupu, hakuna anayenunua tokeni. Tuliomba historia ya manunuzi kwa namba za mita, na mlango wa 4 unaonyesha tokeni ya mwisho mwezi wa kumi 2024, halafu kimya, halafu tokeni tena mwezi wa pili mwaka huu alipoingia mwalimu. Daftari linasema vilevile. Niliposoma karatasi hizo mbili kando kwa kando nilimwita Shangazi aje aone.

"Kumbe umeme ulikuwa unaniandikia," akasema.

"Ndiyo, Shangazi. Na URA nao wanaweza kuusoma."

Hili ni muhimu na lazima lieleweke. URA wana mfumo wa kufuatilia wenye nyumba unaokutanisha taarifa za umeme, maji, ardhi na vitambulisho vya taifa. Ndivyo ploti nyingi zilivyoonekana. Mita ileile inayokufichua kwamba una vyumba vinane ndiyo inayoweza kukutetea kwamba viwili vilikuwa vitupu. Tangu 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka mikononi mwa kampuni ya Umeme na kuwa chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo anayetaka historia ya nyuma aiombe mapema.

Mlango wa 9 hadi wa 15 wanatumia mita moja. Hapo Yaka haisaidii. Tunabaki na daftari, na kwa waliohama bila kulipa, na barua za mwenyekiti wa LC1 zilizoandikwa wakati ule Shangazi alipokwenda kulalamika. Nimemwomba kuanzia sasa chumba kikibaki kitupu apige picha kikiwa wazi, tarehe ionekane, na mwenyekiti asaini kwenye daftari la ploti.

30 Septemba

Leo awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio ya 2025/26 imelipwa. Tumekadiria 1,600,000 kwa mwaka, kwa hiyo 400,000 kila robo: mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Namba ya malipo (PRN) ilitoka kwenye tovuti ya URA, ikalipwa kwa simu. Ujumbe wa malipo umechapishwa na kuwekwa kwenye faili. Kwa mama anayepokea pango kila mwezi, kutoa 400,000 mara nne ni rahisi kuliko kutafuta zaidi ya milioni moja na nusu kwa mpigo Desemba, wakati wa ada za shule na sikukuu.

12 Oktoba

Kikao cha familia. Mapendekezo mawili yaliletwa, yote nimeyasikia sana mjini.

La kwanza, tuandikishe kampuni. Aliyeleta alisikia kwamba kampuni inaruhusiwa kutoa matumizi. Ni kweli, lakini yana kikomo: matumizi hayawezi kuzidi nusu ya pato la pango, na kinachobaki kinatozwa asilimia 30. Piga hesabu hata ukitumia kikomo chote. Pato letu halisi la 2024/25 ni 10,400,000 za vyumba na 6,048,000 za maduka, jumla 16,448,000. Nusu ni 8,224,000, asilimia 30 yake ni 2,467,200. Kama mtu binafsi Shangazi anadaiwa 1,635,360. Na hapo hujagusa kodi ya gawio akitaka kuitoa hela kwenye kampuni, wala gharama za kuiendesha. Mwenye majengo makubwa na washirika ana sababu nyingine za kufungua kampuni. Kwa ploti ya familia, kodi si sababu.

La pili, tuandike vyumba kwa majina ya watoto wanne, kila mmoja apate 2,820,000 zake zisizotozwa. Nilisema hapana, na nilisema kwa sauti. Pesa ingeendelea kuingia kwa Shangazi, ploti ingebaki yake, majina tu ndiyo yangegawanywa. Sheria inampa Kamishna uwezo wa kurudisha mapato kwa mwenyewe anapoona yamegawanywa kwa ajili ya kukwepa. Ukifanya hivyo ukiwa tayari una barua ya ukaguzi mezani, umejipeleka mwenyewe.

Kugawana kwa kweli ni jambo jingine. Nawajua ndugu wawili wenye hatimiliki ya majina yote mawili tangu waliponunua, na kila mwezi kila mmoja anachukua nusu yake. Hao kila mmoja anatangaza fungu lake na kupata msamaha wake, kwa haki kabisa. Kama Shangazi siku moja atampa mtoto chumba na ardhi yake, na mtoto akawa anapokea pango lake, hapo tutazungumza tena.

Binti wa Jinja aliuliza kwa simu kama nikisema ukweli wote hatutaumia. Nikamjibu kwamba hesabu ya ukweli ni 1,635,360 na hesabu ya kukisia ya mkaguzi ni 2,115,360. Tofauti ni 480,000, pango la chumba kimoja miezi sita. Ukweli ndio wa bei nafuu hapa.

29 Oktoba

Miaka ya nyuma. Ritani za sifuri tumezirekebisha zote mbili.

2022/23, bei ya chumba ikiwa 70,000: pango lililopokewa 14,100,000, kodi 1,353,600. 2023/24, bei 75,000: pango 14,900,000, kodi 1,449,600. (Bei ilipanda elfu tano tano. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inaweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka, tuko ndani yake.)

Riba ya kodi isiyolipwa ni asilimia 2 kwa mwezi. Kila milioni moja inazaa 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Kwa 2023/24 deni lilianza kuzaa Januari 2025, kwa hiyo hadi mwisho wa mwezi huu riba ni 289,920. Kwa mwaka wa nyuma yake, 2022/23, kuna njia ya nafuu. Marekebisho ya sheria ya 2025 yanafuta riba na faini zilizokuwa zikidaiwa hadi 30 Juni 2024 kwa mlipa kodi atakayemaliza kodi ya msingi kabla ya 30 Juni 2026. Angalieni tarehe hizo kwa makini: 2022/23 inaangukia ndani, 2023/24 imekuja baadaye na inabaki nje. Nimesikia watu mjini wakisema "riba zote zimefutwa". Si zote.

Kwa hiyo tumelipa 2023/24 kwanza, yote pamoja na riba yake, kwa sababu ndiyo inayozaa. Shangazi alitumia akiba aliyoweka kubadilisha mabati ya mstari wa pili. Kwa 2022/23 tumeomba kwa maandishi kulipa kwa awamu, ya mwisho Aprili, na ombi la msamaha wa riba limeambatanishwa.

13 Novemba

Maafisa walikuja ploti. Wawili, mwanamke na mwanamume, wa heshima. Shangazi aliwaandalia chai, wakakataa kwa adabu, wakakubali maji.

Walianza kuhesabu milango kama nilivyotarajia. Kwenye mlango wa 15 afisa akasimama. Kabla hajauliza, tulimpa karatasi: makubaliano ya mtunza ploti, kazi zake, na kwamba hakai kwa pango. Alimwita mtunza ploti mwenyewe, akamuuliza kwa Kiswahili anakaa kwa masharti gani. Majibu yakafanana na karatasi.

Halafu mwanamke akaomba mlango mmoja wowote wa mwaka 2024/25 tumwonyeshe safari yake yote. Akachagua wa 6. Tulimpa jedwali, ukurasa wa daftari, kishina cha risiti, mstari wa kijani kwenye taarifa ya simu. Ile 40 ya Novemba na 40 ya tarehe 10 zilionekana zote mbili. Akachagua mwingine, wa 11, ule wa paa linalovuja. Hapo hatukuwa na Yaka, tulikuwa na daftari, na picha ya fundi akiwa juu ya paa ambayo mwanawe aliipata kwenye simu yake ya zamani. Aliangalia picha muda mrefu, akaandika kitu.

Ushauri wangu kwa atakayetembelewa: jibu ulichoulizwa, kwa karatasi, halafu nyamaza. Shangazi alitaka kumweleza habari za marehemu mume wake na jinsi walivyonunua ploti. Nilimgusa mkono. Historia hiyo ni nzuri na ni ya kweli, lakini haikuwa imeulizwa.

4 Desemba

Majibu yamekuja. 2023/24 imekubaliwa kama tulivyoirekebisha. Hela za maji zimetolewa kwenye pango, mlango wa 15 umeondolewa. Kwa 2022/23 wamekataa miezi 9 ya vyumba vitupu vya mstari wa pili, ile ambayo kurasa zake za daftari zililiwa na unyevu jikoni na mita ni ya pamoja. Miezi 9 kwa 70,000 ni 630,000, kodi ya nyongeza 75,600. Kodi ya mwaka huo sasa ni 1,429,200.

Tunayo haki ya kupinga. Pingamizi linawekwa ndani ya siku 45 tangu kupokea uamuzi, Kamishna anajibu ndani ya siku 90, na usiporidhika una siku 30 za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, ambako unatanguliza asilimia 30 ya kodi iliyotathminiwa, au sehemu usiyoibishania kama ndiyo kubwa zaidi. Vyumba vilikuwa vitupu kweli, Shangazi anawakumbuka hata waliohama. Lakini nikijiuliza nitaweka nini mezani, sina. Wapangaji wawili wa wakati ule tumewatafuta hadi Malaba hatukuwapata. Nimemshauri alipe 75,600 na tusifungue pingamizi tusiloweza kulithibitisha. Alifikiri siku nzima, akakubali. Kama ingekuwa ni zile 480,000 za kukisia, ningepinga hadi barazani.

18 Desemba

Ritani ya 2024/25 imejazwa na kulipwa: pato 16,448,000, kodi 1,635,360. Nywila imebadilishwa, anayo Shangazi kwenye bahasha na mimi sina. Barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti yake ya URA, zilizokuwa za yule kijana, zimebadilishwa pia. Bila hivyo barua nyingine ingeenda kwake tena.

Yaliyobaki: awamu ya pili ya makadirio kabla ya 31 Desemba, 400,000 ziko tayari kwenye laini ya pango. Awamu za 2022/23 hadi Aprili. Mikataba ya maandishi kwa vyumba vyote 14, tumefika mlango wa 9. Fundi wa umeme anakuja Januari kupima gharama ya kuweka mita saba za Yaka kwenye mstari wa pili, na Shangazi ameamua mabati yatasubiri mita zitangulie.